Tulikwenda Chisenga na Simu Moja



Mama mmoja wa jirani alituletea swali kwa mdomo. Alisema hivi: "Kijana wangu ananiambia niuze redio, niuze tochi, niuze na saa ya ukutani, halafu tuongeze pesa kidogo tununue simu ya tachi. Eti simu hiyo iko na vyote ndani. Ni kweli, ama anataka tu simu?" Tulicheka, tukamwambia tutamjibu kwenye gazeti. Tulikuwa tumepanga mistari miwili mitatu tu. Lakini kabla hatujaandika, safari ya Chisenga ikatukuta, na safari hiyo ndiyo iliyojibu. Kwa hiyo leo tunawasimulia safari yenyewe, na jibu mtalikuta humo ndani.

Sababu ya safari

Tulikuwa watu wanne. Mama wa kundi letu la biashara ya samaki, kijana wake wa kiume, Papa mmoja mzee anayeijua njia, na sisi wa gazeti tulioshika kalamu. Tulikuwa tunaenda kununua chisense, wale samaki wadogo wa Mweru ambao kila nyumba hapa inawajua, wakaukao juani na kuliwa na bukari. Mwezi wa kumi na mbili ziwa hufungwa kwa uvuvi mpaka mwisho wa mwezi wa pili, kila mwaka, ili samaki wazae. Kwa hiyo mfanyabiashara mwenye akili anatafuta mzigo wake mapema, kabla bei haijapanda.

Karatasi za ruhusa ya kutoka zilipokuwa tayari, tulikutana jioni nyumbani kwa Mama kupanga mizigo. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Papa alikuja na mfuko wake wa plastiki mgumu. Ndani mlikuwa na tochi ya mawe mawili, redio ndogo, saa ya mkononi iliyokatika mkanda, kijisimu cha vibonyezo, daftari na kalamu ya risasi. Kijana akaangalia, akacheka.

"Papa, hii yote ni mzigo wa bure. Simu yangu iko na tochi, iko na redio, iko na saa, iko na kamera, iko na mashine ya hesabu, iko na ramani. Na pesa iko ndani. Tubebe simu moja, basi, tutembee wepesi."

Papa hakukasirika. Akasema tu, "Mwanangu, mimi nabeba vya kwangu. Wewe beba vya kwako."

Lazima tuseme ukweli: siku ile sisi tulikuwa upande wa kijana. Tuliacha tochi yetu nyumbani. Mama naye aliacha daftari lake dogo la namba, kwa sababu mwanawe alikuwa ameshaziingiza namba zote kwenye simu. Kati ya hizo mlikuwa na namba ya dada yake mkubwa aliye Pweto. Walipotezana mwaka 2017, wakati watu wa Tanganyika na Haut-Katanga walipokimbia vita na wengi wetu tukapokelewa Kenani kabla ya kuletwa hapa. Miaka mingi Mama hakujua kama dada yake yu hai. Ndipo jirani mmoja aliyetoka kule akaja na namba imeandikwa kwenye kiganja kwa kalamu. Namba hiyo Mama aliithamini kuliko blanketi.

Kwenye maji

Tulitoka alfajiri. Kashikishi tulifika soko limeshachangamka: wanawake wa samaki, baiskeli zenye magunia, vijana wa boti wakiita abiria. Kijana alifanya kazi nzuri pale. Alipiga hesabu ya nauli kwa simu, akatuma pesa kwa simu, hatukufungua mfuko mbele ya watu. Mama alifurahi. Zamani alikuwa anafunga pesa kwenye kitenge, na moyo unamdunda njia nzima. Hapo tuliandika moyoni: simu imeshinda moja.

Chisenga ni kisiwa cha wilaya hii hii ya Nchelenge, na hakuna barabara ya kukufikisha. Ni maji tu. Tulipanda boti ya mbao yenye injini. Ziwa Mweru lina urefu wa zaidi ya kilomita 100, lakini upande wa kusini, ambako mto Luapula unaingia, maji si marefu, na pembeni kuna matete na mafunjo mengi. Ukikaa kimya unasikia ndege kabla ya kusikia watu.

Wengi wetu tukiliangalia ziwa hili hatuwezi kulitazama kama wageni. Maji haya yanatoka Bangweulu kwa njia ya Luapula, yanapumzika hapa Mweru, halafu yanatokea Pweto, yanaitwa Luvua, yanaenda kukutana na Lualaba kule Ankoro. Mama alitia mkono ndani ya maji akasema, "Haya yatafika kwa dada yangu kabla yangu." Hakuna aliyejibu.

Kijana alifungua ramani ya simu. Alama ndogo ya buluu ikaonyesha mahali tulipo. Watoto wawili waliokuwa kwenye boti walishangaa, na hata sisi tulishangaa, maana mtandao ulikuwa umekatika. Kijana alitueleza vizuri, na tunamsifu kwa hilo: simu haihitaji mtandao ili kujua iko wapi, inasikiliza satelaiti zinazozunguka juu sana, zaidi ya kilomita 20,000 kutoka ardhini. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani, kama hujaihifadhi mapema. Na kweli, alama ilikuwepo, lakini kuizunguka palikuwa na rangi moja tu, hakuna njia, hakuna tete, hakuna jiwe.

Mwenye boti alichungulia, akatabasamu. Akasema kwa Kibemba, na Papa akatutafsiria: "Inajua mlipo. Haijui pa kupita." Yeye aliangalia upepo, akaangalia rangi ya maji, akapinda kushoto mahali ambapo sisi tungekwenda moja kwa moja kwenye matete.

Kisiwani

"Mwaiseni," walitukaribisha, nasi tukajibu. Watu wa pwani hii wana moyo. Kabla ya biashara, maji ya kunywa. Kabla ya bei, habari za nyumbani. Wavuvi wa asili wa maji haya wanaitwa Bashila, na tangu zamani Mweru imekuwa ikilisha watu wa pande zote mbili. Kiswahili chetu na Kibemba chao vilikutana katikati, na pale vilipokwama, mikono ilisaidia.

Chisense wanavuliwa usiku. Zamani wavuvi walitumia taa za mafuta za kupampu. Leo wengi wana taa za balbu ndogo nyeupe zinazotumia betri. Taa inawekwa juu ya maji, samaki wanaifuata mwanga, wavu unainuliwa. Usiku wa mwezi mpevu kazi ni ngumu, kwa sababu ziwa lote linang'aa na taa ya mtu haionekani kitu. Tulikuwa tumekwenda wakati wa giza, kwa makusudi. Asubuhi samaki wanaanikwa juani, wanawake wanawageuza, na jioni wanapimwa kwa meda.

Tulimwuliza mvuvi mmoja kama amewahi kuvua kwa tochi ya simu. Alitucheka mpaka akashika tumbo. Akasema simu anayo, na anaipenda, anaitumia kuuliza bei ya Kashikishi kabla ya kukubali bei ya mchuuzi. Hilo limemsaidia sana, siku hizi hadanganywi ovyo. Lakini usiku simu yake inabaki nyumbani kwa mke wake. "Ziwa halirudishi," alisema.

Tulipokuwa tumekaa chini ya mti, Papa alitupa hadithi ya mzungu Livingstone, ambayo wengi wenu mliisoma shuleni kwa upande mmoja tu. Livingstone alifika Mweru mwezi Novemba 1867. Mtu yule hakuwa na kifaa kimoja cha kufanya yote. Alikuwa na chombo cha kupimia jua na nyota, saa maalumu ya kujua mahali, dira, kipimajoto, na kila kimoja kilikuwa kwenye mzigo wake na mbebaji wake. Lakini dawa zake zote alizitia kwenye kasha moja. Mwezi Januari mwaka huohuo wa 1867 wabebaji wawili walitoroka, na kasha la dawa likaenda nao. Siku moja, dawa zote. Homa iliendelea kumtesa safari nzima, na mwaka 1873 alifariki kwa Chitambo, katika nchi hii ya Zambia. Papa akasema, "Dira ilibaki, saa ilibaki. Alichokitia pamoja ndicho kilichokwenda pamoja."

Kijana alijibu, "Papa, dawa si simu." Tukacheka, tukanyanyuka kwenda kutazama mzigo.

Usiku wa pili

Siku ya kwanza simu ilifanya kazi kama alivyosema kijana. Ilitupigia picha, ilitupa saa, ilipiga hesabu ya meda kwa kwacha bila ugomvi. Redio ndiyo ilikataa. Simu nyingi za tachi haziwezi kushika stesheni bila waya wa masikioni, kwa sababu waya huo ndio antena yake, na yeye waya alikuwa ameuacha. Kuna simu mpya hata hazina redio kabisa. Zinataka usikilize kwa intaneti, na hiyo inakula bando. Kwa hiyo jioni ile habari tulisikiliza kwa redio ndogo ya Papa, wote tumeizunguka, pamoja na wenyeji wetu. Tuligundua kitu: redio inasikilizwa na nyumba nzima, lakini simu yenye waya inasikilizwa na mtu mmoja.

Betri nayo ikaanza kupungua. Pale kisiwani wenyeji wetu walikuwa na sola ndogo, na simu za majirani zilikuwa zimepanga foleni. Kijana akaona aibu kuomba, akaiacha simu ibaki na alama moja. Hatumlaumu. Wote tunakumbuka mwaka 2024, ukame ulipoipunguza maji Kariba na umeme wa Zambia ukakatika saa nyingi kwa siku. Hata watu wa mijini wenye simu kubwa walikuwa wanatafuta mahali pa kuchaji kama sisi.

Usiku wa pili, boti moja iliingia kabla ya alfajiri na mzigo mzuri. Mvuvi akatuita twende tuchague kabla wengine hawajafika. Boti haiwezi kufika hadi mchangani. Unaingia majini mpaka magotini, unapokea ndoo, unarudi. Giza lilikuwa nene. Kijana akawasha tochi ya simu, akatangulia, Mama nyuma yake.

Sasa fikirini. Ndoo ya chisense inahitaji mikono miwili. Tochi ya Papa ilikuwa na kamba, aliivaa shingoni, mwanga unaangalia mbele. Simu huwezi kuivaa shingoni, na mdomoni haishiki vizuri. Kijana aliibana kati ya kidevu na bega, akanyosha mikono kupokea ndoo. Tuliona mwanga unazunguka mara moja, ukaingia majini, ukaendelea kuwaka chini kwa muda mfupi kama jicho la samaki. Halafu giza.

Papa alimulika, kijana akazama mikono, simu ikapatikana haraka, labda dakika moja. Lakini haraka hiyo ikaleta kosa la pili: akaanza kubonyeza kitufe cha kuwasha, mara moja, mara mbili, mara tano. Baadaye fundi alituambia hilo ndilo lililoiua. Simu yenye maji ndani isiwashwe wala isichajiwe. Umeme ukikutana na maji unaunguza njia zake. Na mambo ya kuitia kwenye mchele, tuyaache: kampuni ya Apple yenyewe iliandika mwaka 2024 kwamba mchele usitumike, maana punje ndogo zinaweza kuingia na kuharibu. Izime, ikaushe kwa kitambaa, itingishe taratibu tundu likiangalia chini, iache mahali penye hewa, na mpelekee fundi.

Kijana alisimama majini akiwa ameishika kwa mikono yote miwili. Alikuwa anasema, "Itawaka, itawaka." Mama hakuwa anaiangalia simu. Alikuwa anamwangalia mwanawe, kisha akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Na namba ya yaya?"

Hakuna aliyejibu. Kila mmoja wetu alikuwa anajua. Na picha pia: picha ya mama yao mzazi, iliyopigwa kutoka kwenye picha ya karatasi, na karatasi yenyewe iliungua pamoja na nyumba. Simu ilikwenda na tochi, ikaenda na saa, ikaenda na pesa ya kulipia mzigo, ikaenda na dada, ikaenda na marehemu. Yote kwa kuanguka mara moja.

Asubuhi yake

Kulipokucha tulikaa kama watu wa msiba. Mama alikuwa hasemi. Kijana alikuwa hali. Papa ndiye aliyeanza. Hakusema "nilikuambia", na sisi tulijifunza kwake kwamba mkubwa anaweza kuwa na haki akanyamaza. Alisema tu, "Leteni hiyo laini tuione."

Wakafungua simu, wakatoa laini, wakaipangusa kwa ncha ya kitenge. Papa akafungua kijisimu chake cha vibonyezo, akaitia. Wengi mnazijua simu za aina hiyo. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa ile ya 1100, yenye tochi kichwani, na ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Mpaka leo wajukuu zake wako mifukoni mwa wazee wetu.

Ikawaka. Laini ilikuwa hai. Laini ni kipande kidogo tu cha plastiki na chuma, maji ya ziwa hayaiui kirahisi. Pesa nazo zilikuwa salama, kwa sababu pesa ya simu haikai ndani ya simu. Iko kwa kampuni, inafuata namba yako na neno lako la siri. Tulilipa mzigo wetu asubuhi ileile kwa kijisimu cha vibonyezo. Kijana alishangaa kuliko sisi wote.

Lakini namba za watu? Papa akafungua orodha. Zilikuwepo saba tu, za zamani, zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye laini yenyewe. Nyingine zote kijana alikuwa amezihifadhi kwenye simu. Namba ya Pweto ilikuwa kati ya hizo nyingine.

Mama alizisoma zile saba moja moja, kwa kidole, akarudia tena kutoka juu. Halafu akamrudishia Papa simu. "Aksanti, Papa. Ikae hapo hapo, iwake. Labda atapiga yeye."

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa pekee iliyobaki. Sisi namba yake tulikuwa hatunayo, lakini yeye ya kwetu alikuwa nayo. Papa akampa Mama kile kijisimu akae nacho, na yeye akarudi safari nzima bila simu. Ukichaji mara moja kinakaa siku kadhaa. Mama alikitia ndani ya ule mfuko mgumu wa plastiki, akaufunga, akauweka kifuani.

Kurudi hatukuongea sana. Upepo ulikuwa umeamka, mawimbi yanapiga ubavu wa boti, na kila wimbi lilipopiga tulimwona Mama akigusa kifua. Papa akasema ile methali, "Mshika mbili moja humponyoka." Halafu akaongeza ya kwake: "Na mwenye kushika moja yenye kumi ndani, akiponyokwa, zimekwenda kumi."

Jumapili

Tulirudi hapa kambini, tukauza chisense, mambo ya nyumbani yakaendelea. Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili ikapita. Mama alikuwa anaenda na kijisimu kisimani, anaenda nacho shambani, analala nacho. Alianza hata kuulizia habari za Msalaba Mwekundu, ule utaratibu wa kutafuta ndugu, ambapo unaandika karatasi ya wazi yenye habari za familia tu na inapelekwa mpaka imfikie. Wazee wetu waliokaa kambi za Kala na Mwange, kabla hazijafungwa mwaka 2010, wanazikumbuka vizuri karatasi hizo.

Jumapili ya tatu, baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama nje wanasalimiana, kijisimu kikalia. Namba isiyo na jina. Mama alikishika kwa mikono miwili. Alisema "Alo," halafu akasema "Yaya," halafu akakaa chini pale pale mchangani na kitenge chake cha ibada.

Kitu cha kwanza alichokifanya kijana, kabla hata mazungumzo hayajaisha, ni kukimbilia ndani akarudi na daftari na kalamu. Aliinakili ile namba. Kisha akainakili tena kwenye jalada la daftari la shule la mdogo wake. Kisha akaenda kwa Papa, akamwomba aiandike na yeye.

Na picha ya bibi? Kumbe siku alipoipokea, Mama alimtumia dada yake kwa WhatsApp. Iko Pweto, salama, kwenye simu ya mtu mwingine. Siku tutakapopata simu nyingine, itarudi.

Jibu letu kwa yule mama

Sasa tunakujibu, mama yetu. Kijana wako hasemi uongo. Simu ya tachi inaweza kufanya kazi ya saa, ya mashine ya hesabu, ya kamera, ya barua, na hata ya mfuko wa pesa, tena vizuri. Na iko na kitu ambacho tochi na redio havina: kilicho ndani yake kinaweza kukaa mahali pawili kwa wakati mmoja. Bila hiyo picha ya bibi ingekuwa imekwisha.

Lakini usiulize tu, "Simu inaweza kazi hii?" Uliza pia, "Siku simu ikizimika, ni vitu gani vinazimika nayo?" Ukijua hilo, utajua cha kuuza na cha kubaki nacho. Sisi baada ya Chisenga tumepanga hivi:

1. Tochi tusiiuze. Taa ya usiku ni ya kuvaa shingoni, kushikwa na mikono yenye maji, na kuazimwa mtoto aende chooni. Tochi ikianguka umepoteza tochi tu.

2. Redio ya nyumba ibaki, hata ikiwa ndogo. Mawe yake yanakaa muda mrefu, na nyumba nzima inasikia habari moja.

3. Saa na mashine ya hesabu, simu inatosha. Hapo kijana ana haki.

4. Namba za watu tano unaowahitaji kuliko wote ziandikwe kwa kalamu mahali pawili. Nyumbani kwako, na nyumbani kwa mtu unayemwamini. Mtoto mkubwa azijue kwa kichwa.

5. Namba hizo hizo zihifadhiwe pia kwenye laini, siyo kwenye simu peke yake. Fundi yeyote au kijana yeyote atakuonyesha.

6. Picha usizoweza kupiga tena, mtumie ndugu wa mbali. Ukipata nafasi mjini, itoe moja kwenye karatasi.

7. Unapopanda boti, simu iingie kwenye plastiki iliyofungwa, ikae mwilini, na isitoke mpaka miguu iguse mchanga mkavu.

8. Kijisimu cha zamani cha vibonyezo usikiuze kwa kwacha chache. Kitie chaji, kiweke. Akiba haiozi.

Kijana wetu sasa anafanya kibarua ili anunue simu nyingine ya tachi, na sisi tunamuunga mkono, siyo kumcheka. Lakini juzi tulimkuta sokoni ananunua kitu kingine kwanza. Ilikuwa ni tochi, ndogo, yenye kamba.

Msomaji mpendwa, kama wewe nawe simu iliwahi kukuacha njiani, au iliwahi kukuokoa, njoo utusimulie tuandike toleo lijalo. Na kabla hujafunga ukurasa huu, chukua kalamu. Andika namba moja.